Nilifaulu Mlango wa Biashara, Nikafeli Dukani: Fiqhi ya Kununua Kishikwambi cha Kwanza





Somo la toleo hili limetoka dukani, si darasani. Mwaka wa pili tulisoma mlango wa biashara, yaani Kitaabul Buyuu', kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafii. Nilijua nguzo za mauzo, nilijua aina za khiyari, na alama nilizopata kwenye mtihani zilisomwa kwa sauti nyumbani kwetu Kobero. Likizo iliyofuata nikanunua kishikwambi changu cha kwanza, kile ambacho wengi wetu twakiita tableti. Nikiwa mbele ya muuzaji, hakuna hata hukumu moja kati ya zile nilizoziandika kwenye karatasi iliyonijia kichwani.

Pesa yenyewe haikuwa yangu. Kaka yangu hubeba mizigo ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kati ya Kobero kwetu na Kabanga ya Tanzania. Aliweka faranga kidogo kidogo kwa miezi mingi, akanikabidhi, akasema nitafute cha kusomea. Duka sitalitaja, kwa sababu somo halihitaji jina lake. Boksi lilisema GB 256. Muuzaji akasema hivyo hivyo. Nilikiwasha, nikaona kioo kinang'aa, nikalipa, nikaondoka.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Nilipopitisha GB 20 za vitabu na darsa, mafaili ya zamani yakaanza kukataa kufunguka: jina la kitabu lipo, ndani hamna kitu. Fundi mmoja wa simu mjini Muyinga akanieleza kwamba nafasi ya kweli ilikuwa GB 32, ila programu yake ilikuwa imechezewa ili ionyeshe 256. Nikaendelea kukitumia wiki mbili nzima nikisitasita, kisha nikarudi dukani. Jibu likawa fupi: bidhaa ikishatoka haipokelewi.

Naandika haya ili mwenzangu wa Gitega, wa Muyinga au wa kokote anayejiandaa kununua asirudie kosa langu. Jambo moja tu nataka tuondoke nalo: kukijua unachokinunua si ujanja wa mjini peke yake, ni sehemu ya dini yako katika kununua.

1. Anza na kazi, kisha chombo

Suratul Furqan inapowasifu waja wa Mwingi wa Rehema, inawataja kuwa matumizi yao hayana israfu wala ubahili, bali yako katikati. Hapo katikati hapajulikani mpaka kwanza ujue kazi unayoitaka.

Chukua karatasi uandike kazi 3 utakazozifanya kila wiki. Kwa wengi wetu zitakuwa kusoma vitabu vya PDF, kusikiliza darsa na kuandika kazi za darasani. Ikiwa kazi yako kubwa ni kusoma, kishikwambi kinakufaa sana. Ikiwa ni kuandika utafiti wa kurasa 60 wenye tanbihi, fikiria kwanza kompyuta ndogo iliyotumika, maana kuandika sana kwenye kioo kunachosha. Tena programu ya Maktaba Shamila tunayoitegemea kutafuta hadithi na kauli za mafaqihi ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Windows, kwa hiyo usinunue kishikwambi ukidhani kitafanya kila inachofanya kompyuta.

Na kama simu uliyo nayo inatosha kwa kazi hizo 3, basi haja haijafika. Kuirudisha pesa ya watu kwenye jambo lililo bora nako ni kuchagua.

2. Ondoa gharar: zijue sifa

Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza mauzo ya gharar, yaani mauzo yenye jambo lisilojulikana ambalo linaweza kumdhuru mmoja wa wanaouziana. Mafaqihi wakaweka sharti kwamba kinachouzwa kijulikane dhati yake, kiasi chake na sifa zake. Ngano hujulikana kwa kipimo. Kishikwambi hujulikana kwa haya:

Kioo. Vitabu vingi vya Kiarabu huchapwa kwa ukubwa wa sentimita 17 kwa 24, ambao ukipimwa kutoka pembe hadi pembe ni kama inchi 11 na nusu. Karatasi ya A4 inazidi inchi 14. Kwa hiyo kioo cha inchi 10 au 11 kinaonyesha ukurasa wa kitabu cha Kiarabu karibu na ukubwa wake. Kioo cha inchi 8 ni chepesi mkononi, lakini utakuwa unaukuza ukurasa kila mstari ili uone harakati na maandishi ya pambizoni. Anayesoma sharhi za hadithi asijidanganye kwa udogo wa bei ya inchi 7.

Nafasi ya kuhifadhi. Vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa ni vizito. Mfumo wenyewe wa kishikwambi nao unachukua sehemu. GB 64 ni mwanzo mzuri, hasa kikiwa na mahali pa kuweka memori kadi. Namna ya kupima ukweli wake ni hii: ingiza mafaili makubwa mengi kutoka kwenye flashi au kompyuta mpaka kikaribie kujaa, kisha fungua yale ya kwanza. Yakifunguka yote, nafasi ni ya kweli. Mimi ningefanya hivi siku ile ile, pesa ya kaka ingesalimika.

RAM. Hii ndiyo nafasi ya kufanyia kazi, si ya kuhifadhi. Chini ya GB 4, utafungua kitabu, uende kwenye daftari, ukirudi kitabu kimejifunga. Jihadhari na boksi linaloandika mfano 4+4 au 8+8. Namba ya pili kwa kawaida imeazimwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhi, si RAM halisi.

Mfumo. Kama ni Android, ingia kwenye mipangilio utazame toleo lake na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Chombo chenye mfumo wa miaka mingi iliyopita kitakubali kuwaka, lakini programu nyingi mpya zitakikataa.

Laini. Vipo vinavyoingia laini ya simu na vipo vya Wi-Fi peke yake. Cha Wi-Fi huwa na bei nafuu, na unaweza kukigawia intaneti kutoka kwenye simu yako, ila simu itaishiwa chaji mapema. Pima mwenyewe: chuo chako kina Wi-Fi inayofanya kazi? Nyumbani je?

3. Macho kabla ya malipo

Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii ni kwamba kuuza kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Madhehebu mengine yana upana zaidi kwa kitu kilichoelezwa sifa zake, na Hanafi humpa mnunuzi khiyari ya kuona. Hili linatugusa sana, maana wengi wetu tunaonyeshwa picha kwenye WhatsApp na mtu aliye Bujumbura au Dar es Salaam, tunatuma pesa, kisha tunangoja. Ikibidi kuagiza, basi aina, namba ya modeli, RAM, nafasi, rangi, hali yake, bei na siku ya kufika viandikwe vyote, na ibaki wazi kwamba kikija kinyume na sifa kinarudi.

Dukani, boksi lifunguliwe. Kiwashe, ukichaji mbele yako, piga picha, cheza sauti, gusa kioo pembe zote nne. Kama kinaingia laini, bonyeza *#06# utaona namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Ilingane na ile ya kwenye boksi. Tusilichukulie hili kwa wepesi. Nchi jirani ya Tanzania ilizima simu bandia mwezi Juni 2016, na waliokuwa nazo mkononi walibaki na vyombo visivyopokea mtandao.

Kwa kilichotumika, ongeza jambo moja. Mwombe muuzaji akifute chote na kukianzisha upya mbele yako. Kikidai akaunti ya mtu mwingine na muuzaji hawezi kuifungua, usikinunue. Kimefungwa na mwenyewe, na huenda kimeibwa. Anayejua kuwa kitu ni cha wizi kisha akakinunua amekuwa mshiriki wa dhambi, hata kama bei yake inavutia.

4. Haki uliyo nayo: khiyari

Sheria yetu imempa mnunuzi muda wa kujirudi. Tuzitazame khiyari 3.

Khiyari ya kikao. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amewapa wawili wanaouziana hiari maadamu hawajaachana, na akabainisha kwamba ukweli na uwazi ndivyo vinavyoleta baraka katika biashara yao. Maana yake kwetu: fanya ukaguzi wote ukiwa bado ndani ya duka. Mimi nilikwenda kukagulia nyumbani.

Khiyari ya sharti. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akipunjwa katika biashara, na Mtume (s.a.w.) akamfundisha aseme wakati wa kununua kwamba pasiwe na hadaa. Wanavyuoni wakaijengea hapo khiyari ya sharti, na Shafii wakaiwekea kikomo cha siku 3. Basi mwambie muuzaji kwa adabu: "Mzee, nakichukua kwa sharti la siku tatu, nisiporidhika nakirudisha." Akikubali, mwandike kwenye risiti. Akikataa, umejua jambo juu ya bidhaa yake kabla ya kulipa.

Khiyari ya kasoro. Kikidhihiri na kasoro iliyokuwepo kabla hujakipokea, una haki ya kukirudisha. Lakini kwa Shafii haki hii ni ya papo hapo: ukishaigundua kasoro, acha kukitumia na urudi bila kuchelewa. Kuendelea kukitumia ni kama kuridhika. Hapa ndipo nilipojifunga mwenyewe. Yule bwana alinidanganya, hilo liko juu yake, lakini zile wiki mbili nilizoendelea kukitumia ni zangu.

Na ile kauli ya kwamba bidhaa ikitoka hairudi je? Imamu Nawawi katika Minhaj amelizungumzia suala la muuzaji anayejivua na kasoro zote. Kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba sharti hilo linamwokoa katika kasoro ya ndani ya mnyama aliyokuwa haijui, si katika kingine. Kishikwambi si mbuzi. Kibao cha ukutani hakimhalalishii muuzaji kuficha kasoro anayoijua. Ila kasoro uliyoonyeshwa ukaridhika nayo, hiyo huna dai.

5. Pesa: inatoka wapi na inapitaje

Kulipa kwa awamu. Mwaka 1990, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha 6 mjini Jeddah liliamua kwamba inajuzu bei ya kulipa baadaye kuzidi bei ya taslimu, maadamu bei moja imekatwa na muda umejulikana wakati wa mkataba. Likaamua pia kwamba haijuzu kumwongezea mnunuzi deni kwa sababu amechelewa, kwani hiyo ni riba. Kwa hiyo kabla ya kukubali awamu, uliza swali moja: "Nikichelewa mwezi mmoja, kutakuwa na nyongeza?" Jibu likiwa ndiyo, ondoka.

Upatu. Kundi la wanafunzi kumi, kila mmoja anatoa kiasi kile kile kila mwezi na kila mmoja anapokea zamu yake bila nyongeza wala pungufu, wengi katika wanavyuoni wameuruhusu. Uandikeni. Aya ya deni katika Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika, na urafiki hauondoi amri hiyo.

Kubadilisha sarafu. Sisi wa mpakani hili ni letu kabisa. Kubadilisha faranga kwa shilingi ni sarf: viwango vinaweza kutofautiana kwa kuwa ni sarafu mbili, lakini ni lazima mkabidhiane katika kikao kimoja. Mtu akichukua faranga zako asubuhi akakuambia shilingi uje uzichukue jioni, mmeingia katika riba ya kuchelewesha hata kama kiwango ni kizuri. Badilisha mahali panaporuhusiwa, upokee, uhesabu, ndipo muachane. Na ukivuka na chombo kutoka Kabanga, kipitishe kwa watu wa forodha ukiwa na risiti. Kukificha chini ya nguo si jambo la kuanzia nalo safari ya elimu.

6. Vifaa vya ziada: kwa mpangilio wa haja

Wengi humaliza pesa kwenye chombo, kisha wanakosa vitu vidogo vinavyokifanya kiishi. Tenga sehemu ya pesa tangu mwanzo, ununue kwa mpangilio huu:

Kwanza, kava ngumu lenye kisimamio na karatasi ya kulinda kioo. Kioo kikivunjika, bei ya kukibadilisha huweza kukaribia nusu ya chombo.

Pili, chaja sahihi na plagi yake. Soketi za Burundi ni za pini mbili za duara, na chaja nyingi zinazouzwa Tanzania zina pini tatu bapa. Ukinunua ng'ambo ya mpaka, nunua na adapta imara. Zile nyepesi hulegea, hutoa cheche na kuharibu chaja. Kama unaweza kuchagua, chukua chombo cha tundu la USB-C. Ndilo tundu linaloenea duniani, na Umoja wa Ulaya uliwalazimisha watengenezaji walitumie kuanzia mwisho wa mwaka 2024. Waya wake hutakosa pa kuuazima.

Tatu, pawabenki, kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Fahamu hesabu yake: pawabenki ya mAh 10,000 hupoteza sehemu ya nguvu njiani, kwa hiyo itajaza kishikwambi cha mAh 7,000 mara moja hivi, si zaidi.

Nne, flashi au memori kadi ya kuhifadhia nakala. Kazi zako na vitabu vyako visikae mahali pamoja. Kadi nazo hughushiwa, basi zipime kwa njia ile ile ya kuzijaza.

Tano, kibodi, ikiwa unaandika sana. Kibodi nyingi hazina herufi za Kiarabu. Unaweza kubandika vibandiko vyenye herufi hizo, kisha ukaongeza lugha ya Kiarabu kwenye mipangilio.

Mwisho, kalamu. Ile ya bei ndogo yenye ncha ya mpira hufanya kazi kwenye kioo chochote, lakini ni butu kwa kuandika. Ile nyembamba ya kuandikia vizuri hufanya kazi tu na vishikwambi vilivyotengenezwa kuipokea. Usiinunue kabla ya kuijaribu kwenye chombo chako.

7. Zamu yangu ya kuuza

Kisa hakikuishia dukani. Miezi michache baadaye mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliniuliza kama nakiuza. Nilikuwa na boksi lake, kioo hakina mkwaruzo, na mipangilio bado ilisema 256. Nakiri kwamba nilihesabu: nikikaa kimya, pesa ya kaka inarudi karibu yote.

Mnakijua kisa cha rundo la nafaka. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Akamwuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu ili watu wauone, kisha akamtoa mwenye kughushi katika walio pamoja naye. Hadithi hii iko katika Sahihi Muslim, na niliiandika kwenye mtihani ule ule. Safari hii ilikuja kabla ya pesa kubadilisha mikono.

Nikamwonyesha yule kijana: hapa kinasema 256, kweli yake ni 32, ukizidisha kinakula mafaili. Akafikiri, akakichukua kwa bei ya chini sana, kwa ajili ya kusomea Mus-haf na vitabu vichache tu. Mpaka leo anacho na kinamfaa, kwa kuwa alijua alichonunua. Mimi nilirudi Kobero nikamweleza kaka yote, hasara na sababu yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile elimu ya biashara ninayosoma ina mlango wa kununua malori. Tukacheka. Kishikwambi nilicho nacho sasa tulikwenda kukinunua pamoja, tukakaa dukani zaidi ya saa moja, na khiyari ya siku tatu imeandikwa nyuma ya risiti.

Maswali ya kujipima

1. Umegundua kasoro usiku wa siku ya kununua na duka linafunguliwa asubuhi. Ufanye nini na chombo usiku huo?
2. Rafiki amekuagizia kwa picha ya WhatsApp, na kimekuja na RAM pungufu. Una haki gani?
3. Muuzaji anatoa bei mbili, ya taslimu na ya miezi 6, na hamkukata ipi. Mkataba una kasoro gani, na mnaurekebisha vipi?
4. Unauza simu yako ya zamani ambayo betri yake imechoka. Utasema nini kabla ya kutaja bei?

Wajibuni wenzenu katika halaka ya wiki hii, na asiyejua amwulize mwalimu.

Tunamwomba Allah (s.w.) atupe elimu yenye manufaa, riziki ya halali na biashara isiyo na hadaa. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.